Namna ya Kupika Ripoti ya Fildi Bila Kufika Mwamgongo

Mwanachuo, bumu limekwisha, muda wa fildi nao umekwisha, na msimamizi anataka ripoti kuhusu uvuvi wa dagaa kijijini Mwamgongo. Boti la kutoka Kigoma mjini linachosha, jua ni kali. Kaa hapo hapo ulipo.

Anza kwa kutafuta desa. Steshenari za jirani na chuo hazikosi ripoti za waliokutangulia. Futa jina la mwenyewe, weka lako, kisha iamuru kompyuta igeuze kila "Mwanza" iwe "Kigoma". Ila pitia kurasa zote, usije ukaacha kivuko cha Ukerewe kinatia nanga Mwamgongo.

Madodoso jaza mwenyewe chini ya mwembe, kwa kalamu za rangi tofauti. Ya wazee andika kwa mkono wa kushoto, mwandiko utetemeke. Tatizo ni majibu. Wazee wako wote "wanaridhika kwa kiasi kikubwa na huduma za ugani". Mzee wa Kiha hajibu hivyo, mwanangu; atakuuliza kwanza wewe ni mtoto wa nani, na huyo baba yako mbona haonekani, ndipo mfike kwenye dagaa.

Sasa pika takwimu. Hapa ndipo wengi huungua. Umeandika kwamba vipe, yaani vyombo vya wavuvi wa dagaa, vinaingia ziwani kila usiku, mwezi mzima. Dagaa huvuliwa kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka hawaifuati taa, na wavuvi hupumzika, hushona nyavu. Mtoto wa darasa la pili pale ufukweni anajua. Mbaya zaidi, jedwali lako linaonyesha mavuno mazuri ya Juni 2024. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka huo. Umewashitaki wajomba zako kwa maandishi, tena umeweka sahihi.

Ukikamatwa, jitetee kwa jirani. Hifadhi ya Gombe inapakana na Mwamgongo, na mtafiti wake wa sokwe, Jane Goodall mwenyewe, yalimkuta: Machi 2013 gazeti la Washington Post lilionyesha kuwa kitabu chake, Seeds of Hope, kina vifungu vilivyonyofolewa kwenye tovuti, Wikipedia ikiwemo, bila kutajwa. Aliomba radhi, kitabu kikaahirishwa, kikatoka 2014 kimesahihishwa. Utetezi huu una kasoro moja ndogo. Yeye alifika Gombe Julai 1960 akakaa porini miaka akiwatazama sokwe kwa macho yake. Wewe hata nauli ya boti hukulipa.

Ukifaulu, tafuta kazi serikalini. Usiogope sana habari za Aprili 28, 2017, Rais Magufuli alipopokea, tena Chuo Kikuu cha Dodoma, orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, akawataka waondoke wenyewe kabla ya Mei 15. Uhakiki ule uligusa vyeti vya kidato cha nne, cha sita na ualimu. Ripoti za fildi hakuna aliyezigusa.

Kama bado una wasiwasi, achana na chuo ukagombee ubunge. Katiba, ibara ya 67, inataka uwe raia uliyetimiza miaka 21, una chama, na unajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Shahada haikutajwa.