Waraka kwa Mheshimiwa Shabiki wa Mabingwa

Waterford, Ayalandi
Desemba 2024

Mheshimiwa Kaka,

Natumaini sauti yako imerudi baada ya fainali ya mkoa wa Munster. Kwanza nipokelee pongezi, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, sembuse mwenye nguvu. Ballygunner wako wamechukua ubingwa wa klabu za hurling wa kaunti yetu kila mwaka tangu 2014, na huu wa 2024 ni wa 11 mfululizo. Hakuna aliyeutolea jasho kama wewe, pale jukwaani Walsh Park, na blanketi lako magotini na chupa ya chai pembeni. Ningekupa mkono siku ile ile ya fainali ya kaunti, ila ulikuwa umezungukwa na watu ukiwaeleza jinsi ulivyoshinda, nikaona si adabu kukukatiza.

Kilichonifanya nishike kalamu ni ahadi zako. Mtu wa hadhi yako hasahau alichoahidi, kwa hiyo sikukumbushi. Nazitaja tu ili tuzihesabu pamoja.

Ulituambia, sisi mashabiki wa klabu nyingine, kwamba kufungwa na Ballygunner ni shule. Tukivumilia vipigo miaka michache, hurling ya kaunti nzima ingepanda, na timu ya Waterford ingerudi na kombe la taifa la Liam MacCarthy, ambalo halijakanyaga huku tangu 1959. Nadhani utakubali kwamba kwa upande wetu tulitimiza wajibu. Tumefungwa kwa moyo mmoja. Passage walikuwa wamepata ubingwa wao wa kwanza katika historia mwaka 2013. Mwaka uliofuata wakawapisha, na hadi leo wanawapisha. Mount Sion, waliokuwa na rekodi ya ubingwa mara 9 mfululizo, kuanzia 1953 hadi 1961, walikuja wenyewe kwenye fainali ya 2022 kufungwa na kushuhudia rekodi yao ikifikiwa. Mwaka uliofuata mkaipita. Wanafunzi watiifu kuliko hao sijui utawatoa wapi.

Sasa tutazame matokeo ya mtihani. Tangu mkoa wa Munster uanze kucheza kwa mfumo wa makundi mwaka 2018, timu ya kaunti yetu haijavuka hatua hiyo hata mara moja. Mwaka 2020, makundi yaliposimamishwa kwa sababu ya korona, tulifika fainali ya taifa, na Limerick wakatuonyesha mlango. Yaani tunasogea tu pale tunapoondolewa makundi. Naomba kuuliza, kwa unyenyekevu wote, shule hii inafunga lini.

Kombe la taifa la klabu nalo uliliahidi, na hapo nakuvulia kofia, kwa sababu moja lilikuja. Februari 12, 2022, uwanja wa Croke Park, dakika za nyongeza, Ballyhale Shamrocks wa Kilkenny wanaongoza kwa pointi 2. (Kwa atakayeichungulia barua hii bila kuujua mchezo huu wa hurling: timu zina wachezaji 15 kila upande, fimbo mkononi, mpira mdogo wa ngozi, ukiupitisha juu ya mwamba wa goli unapata pointi 1, ukiuingiza wavuni unapata 3.) Harry Ruddle, aliyetokea benchi, akaufyatua ukazama wavuni. Mkashinda kwa pointi 1. Hata mimi niliruka, na bibi aliyekaa mbele yangu akamwagiwa chai. Jioni ile ulinishika bega ukaniambia kwamba mlango umefunguka, makombe yatafuatana.

Sina shaka unakumbuka yaliyofuatana. Desemba 2022, nusu fainali, Ballyhale wakawatoa, kisha wakaenda kuchukua kombe lao la 9. Desemba 2023, nusu fainali tena, St Thomas' wa Galway wakawatoa kwa mikwaju ya penalti, nao wakaenda kuchukua kombe. Nawasifu kwa ukarimu huo: kwa miaka miwili, aliyetaka ubingwa wa Ayalandi alilazimika kupita kwenu, nanyi hamkumfungia njia.

Mwezi huu ukarimu umezidi kiasi. Sarsfields waliowafunga kwenye fainali ya Munster hawakuwa mabingwa wa Cork. Fainali ya Cork walifungwa na Imokilly, lakini Imokilly ni timu ya muungano wa klabu za eneo lake, hairuhusiwi kwenda mkoani, basi Sarsfields wakaenda badala yao. Bingwa wa miaka 11 amepigwa na mshindi wa pili wa kaunti jirani. Nililisoma tokeo mara mbili, nikidhani mwandishi amebadilisha majina.

Umekuwa ukitueleza kwamba siri ya mafanikio yenu ni kazi, wala si kitu kingine. Kazi naiona. Vijana wale hawalipwi hata senti, wanatoka kazini wanaingia mazoezini gizani, na kumtazama Dessie Hutchinson akipokea mpira kwa mkono mmoja huku beki amemning'inia shingoni ni raha ambayo hata hasimu haikatai. Lakini kwa desturi ya huku mtu huchezea klabu ya parokia yake, na parokia yenu ipo pembeni mwa jiji, upande ambao nyumba mpya hazikomi kujengwa. Moja ya nyumba hizo ni yako. Kabla hujahamia, kama kumbukumbu inanisaidia, ulishabikia klabu nyingine, na nyakati hizo ulikuwa na maneno mazito juu ya klabu zenye watu wengi. Sikulaumu. Mtu akihama huacha vitu vizito nyuma.

Naomba radhi kuligusa na hili la nyumbani, kwa kuwa wote wawili tumelelewa na redio za Dar es Salaam. Ni wewe uliyekuwa ukilia kwamba ubingwa wa soka wa Tanzania Bara una wenyewe wawili tu. Na kweli, tangu Azam waubebe mwaka 2014 haujatoka nje ya Simba na Yanga. Mwaka huo huo wa 2014 ndipo Ballygunner walipoanza safari yao. Wawili kule ulisema wanaua mpira. Mmoja huku unasema anaujenga. Hesabu hii imenishinda, labda kwa sababu sijawahi kukaa upande wa jukwaa unaokaa wewe.

Tazama basi walivyo wenzako mwaka huu. St Thomas', waliotwaa Galway mara 6 mfululizo, wameuachia ubingwa, na Loughrea ndio wameuchukua. Klabu ya Na Piarsaigh imeangushwa Limerick na Doon, ambao hawakuwahi kuwa mabingwa kabla. Hata Ballyhale, wenye makombe 9 ya taifa, ambao ni kijiji tu, Kilkenny hawaipati kila wakitaka: mwaka jana waliichukua O'Loughlin Gaels, mwaka huu Thomastown. Nina wazo, nalo ni la mtu mdogo: huenda Ballyhale wanajua la kufanya wakiwa nyuma kwa pointi 2 kwa sababu nyumbani kwao hutanguliwa mara kwa mara. Ballygunner, wakibanwa Desemba, wanakumbuka nini? Mara ya mwisho kubanwa sawasawa katika kaunti hii, baadhi ya vijana wao walikuwa shule ya msingi. Hilo ni kosa letu sisi tunaofungwa, bila shaka, nasi tunajitahidi.

Katika kujitahidi huko, nina ombi. Parokia yetu haina golikipa wa vijana, na mwanao wa pili, niliyemwona akicheza na ukuta wa duka, ana mikono mizuri sana. Taratibu za kuhama klabu unazifahamu kuliko mimi. Nyumba inayopakana na yangu imebandikwa tangazo la kuuzwa, ina vyumba vinne na paa zima, na mwenyewe hana haraka ya bei.

Wasalaam,
Jirani yako wa zamani