Namna ya Kumjua Nondo wa Mlilana na Kuheshimika Barazani

Mji wa Kale wa Mombasa haukosi wataalamu. Keti baraza yoyote karibu na Ngomeni baada ya Isha, na kipepeo wa usiku aizunguke taa mara mbili: kabla hajatua utakuwa umeshaambiwa kuwa mgeni yuaja, au mvua, au jirani ana jambo lake. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuwanyamazisha wote kwa mdudu mmoja tu, tena mzaliwa wa mikokoni, ambaye wao wanamkalia jirani na hawajapata kumwona.

Mdudu mwenyewe ni nondo wa jenasi Salagena, familia ya Metarbelidae. Jina la familia litamke polepole, kama mtu anayekumbuka, si kama anayesoma. Makao yake ni mlilana, mti unaotangulia wenzake kuyakabili maji. Mkoko na mchu huusalimu kutoka nyuma. Mafundi wa majahazi walikuwa wakiutafutia mataruma. Umo katika hori ya Tudor, hori ile ile inayopita mbele ya bandari ya kale.

Wanaoanza hutundika shuka nyeupe, wakawasha taa kali, wakangoja. Fanya hivyo ukipenda. Watakuja nondo wa kila namna, kumbikumbi, mbu ukoo mzima, na mwisho askari kuuliza kulikoni. Wako akija hutamjua, maana ni mdogo na mavazi yake hayana makuu. Wanasayansi wenyewe wakitaka kuhakikisha spishi ya nondo kama hawa, huchukua tumbo la aliyekufa, wakalichemsha kwa dawa inayoyeyusha nyama, kisha wakakagua viungo vya uzazi kwa hadubini. Jambo hilo halisemeki barazani hata kwa fumbo.

Basi mwache mzazi, mtafute mtoto. Na mtoto mtafute kwa choo chake. Utanisamehe, njia ya adabu zaidi haipo. Kiwavi huyu hutoboa tawi la mlilana, akashinda ndani ya tundu mchana kutwa, na usiku akatoka kuguguna gome la pembeni mwa mlango. Asionekane, hufuma hariri akaichanganya na vumbi la mti pamoja na hicho choo, akajitandia pazia la kahawia. Ukiona gome limefunikwa na utando mchafu wenye chengachenga, uinue kwa kijiti. Ikiwa chini yake pana tundu, bisha hodi.

Kufika hapo kuna kalenda yake. Siku za maji mafu usijisumbue, kwa kuwa mlilana husimama mbele kabisa na bahari haitakupisha. Ngoja bamvua. Kwetu bamvua hupwa mnamo saa nne, ya asubuhi na ya usiku, nami nadhani unajua ipi ni ya mtu mwenye akili. Vaa viatu usivyovipenda: mizizi ya mlilana imechomoza matopeni kama misumari. Ukiona moshi ndani ya mikoko, geuza njia na usiulize. Wanaopika kule hawapiki wali. Na andaa jibu la mzee wa mtumbwi.

“Wataka nini huku, mwanangu?”

“Natafuta kiwavi, ami.”

“Kwani mchicha wa sokoni umekwisha?”

Sasa kuna mtego. Mlilana una mpangaji wa pili, mbawakawa aitwaye Bottegia rubra, wa ukoo wa vipapasio virefu, ambaye watoto wake nao hubungua matawi. Mililana ya pwani ya Kenya ilikauka matawi kwa karibu miongo miwili kabla ya watafiti kuchapisha, mwaka 2016, kwamba wahalifu ni hao wawili. Kuwatofautisha si kazi. Mtoto wa nondo ana jozi tatu za miguu kifuani na vijiguu vya nyama tumboni. Mtoto wa mbawakawa ni mweupe, mnene upande wa kichwa, na miguu huioni. Ukimkuta huyo, mwombe radhi umfunike.

Usidanganywe pia na nondo mkubwa anayeelea mbele ya ua la mlilana. Maua hayo hufunguka usiku, na popo na nondo wakubwa huja kunywa asali yake. Wako hafanyi hivyo. Alianza katika yai, akala utoto wake wote kama kiwavi, akajigeuza pupa humo humo tunduni, na alipotoka na mbawa hakuwa na mrija wa kunyonyea. Hali wala hanywi. Siku chache alizobakiwa nazo ni za kutafuta mke, na mke naye atage. Ndiye bwana harusi pekee Mombasa asiyeuliza biriani imefika wapi.

Kwa hiyo ukitaka kumwona mzima, mlee. Watafiti kule Gazi ndivyo walivyompata: walichukua matawi yenye wadudu, wakangoja watoke. Nawe tafuta kibali kwanza, kwa sababu mikoko ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932, na Shirika la Misitu halijasahau. Kisha tia tawi katika sanduku la wavu, ulipeleke nyumbani, ukamkabili mama.

Mama atatazama sanduku, kisha atatazama dari. Chumba chake kimeezekwa boriti za mkoko tangu enzi za babu yake, na hajakulea uje umletee mdudu wa mbao ukumbini. Mweleze kwa upole kwamba huyu hutaka gome bichi la mti ulio hai, na boriti kavu hana haja nayo. Akiuliza mchwa je, mwambie huo ni mwongozo mwingine, na uhamishie sanduku varandani.