Sufuria Inayovaa Gauni

Mtu wa Kampala anayelalamika kwamba amekosa pombe ya nafaka anatafuta sababu tu. Naguru, Namuwongo, Kamwokya, popote penye Wateso wawili na kivuli hukosi chungu cha malwa katikati, viti vimekizunguka, na wazee wa heshima wakivuta mirija iliyowazidi urefu watoto wao. Hata nyuma ya ukuta wangu kipo. Kwa hiyo mpwa wangu aliyeko Leeds aliponipigia simu kusema, "Mjomba, siku hizi napika bia mwenyewe, ya nafaka tupu, na wewe lazima ujaribu," nilitaka kumwuliza kama huko Uingereza baa zimefungwa.

Lakini kijana ana maneno. Akanieleza kwamba njia yake ni ya wavivu, ilienezwa na Waaustralia miaka ya 2000, watu waliochoka kuosha vyombo vitatu kwa kazi moja. Unapasha maji hadi nyuzi 67 au hapo karibu, unatumbukiza mfuko wa neti wenye kimea cha shayiri kilichopasuliwa, unafunika saa moja ili wanga ugeuke sukari, unautoa mfuko, unachemsha yale maji matamu, unayapoza, unatia hamira. "Sufuria na mfuko tu, Mjomba." Kisha akatuma orodha. Sufuria na mfuko vilikuwa juu kabisa, sikatai. Chini yake vikajipanga kipimajoto, haidromita, mizani ya gramu, bomba la shaba la kupoozea, pipa la kuchachushia, kizibo cha kutolea hewa, dawa ya kusafishia, glavu za moto, na kapi. Kapi! Mimi ninapika kinywaji, sijengi ghorofa.

Tuanze na sufuria, maana hapo ndipo hela inapofia. Kwa njia hii maji yote hutiwa kwa mkupuo mmoja. Ukitaka lita 20 za bia unaanza na lita 28 hivi, kwa sababu kimea hunywa fungu lake kabla yako, na mvuke nao huondoka na lita tatu, nne. Ongeza kilo tano za nafaka na nafasi ya povu, unajikuta unatafuta sufuria ya lita 40. Kampala zipo, ila zilizaliwa kwa ajili ya harusi na matanga: fupi, pana, mdomo wazi, maji yanapaa huku unayaangalia. Mafundi wa Katwe wako tayari kukutengenezea nyembamba. Ukiwapelekea mchoro wa ndege wale watauliza tu unataka viti vingapi. Tatizo ni kwamba sufuria zao humiminwa kwa alumini chakavu iliyoyeyushwa, na kwenye chakavu huweza kuwamo risasi, nayo maji ya kimea yana uchachu kidogo, yanalamba. Nikasema hapana, nataka stenlesi. Muuzaji wa Kikuubo aliniangalia usoni, akaangalia viatu, akanitajia bei ya hoteli.

Nikachukua ya lita 20. Itatoa lita kumi za bia, na yeyote anayeniuliza namwambia achukue hiyohiyo. Kilo mbili na nusu za nafaka zikishalowa huwa karibu kilo tano, mtu mzima anaziinua bila kuita vijana wa boda. Kilo tano zikilowa zinakaribia kumi, za moto, zinachuruzika, na mgongo ni wako.

Kuhusu mfuko, kila mtu ana ushauri na hakuna aliyeombwa. Jirani wa kushoto akasema nitumie chandarua, si serikali imevigawa bure? Imevigawa, na vimetiwa dawa ya wadudu kiwandani. Ndiyo maana mbu akigusa anakufa. Jirani akanijibu kwamba dawa itaisha ikichemka. Siku hizi nikimwona napita upande wa pili. Mke wangu akasema Owino mapazia mepesi ya mitumba yamejaa tele. Nami sina ugomvi na mitumba, suruali niliyovaa ni shahidi, lakini pazia lililonyonya moshi wa sigara wa sebule ya watu nisiowajua sitalipika. Nikaenda Kiyembe kununua kitambaa kipya cha polyester, kile chepesi cha mapazia, chenye matundu madogo kiasi kwamba ukikiweka mbele ya macho unaona watu lakini hujui nani.

Fundi cherehani wa barazani alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ssebo, huyo mtu ana kiuno gani?"

"Si mtu. Ni sufuria."

"Na sufuria inakwenda wapi?"

Nikamweleza. Mfuko uwe mpana kuliko sufuria ili mdomo wake upinduliwe ukingoni. Mshono urudiwe mara mbili, kwa uzi wa polyester, si wa pamba. Shingoni kamba ya kukaza. Na mikanda miwili ipite chini ya kitako chote ndipo ipande kuwa vishikio, maana uzito ubebwe na mkanda; mshono ukibebeshwa huo mzigo, utafumuka sebuleni. Akachukua utepe, akaizungushia sufuria kiunoni, akaandika. Kisha, mkono ukiwa umeshazoea, akapima mabega. Nilipogeuka kuondoka akaniita: "Chini niweke lesi?"

Kipimajoto nilikifuata duka la dawa. Binti akaniletea cha homa, kinachoishia nyuzi 42. Nikamwambia nataka kinachofika mbele zaidi. Mgonjwa ana ngapi? Sitini na saba. Akanipa pole ya msiba. Hatimaye nikapata cha waoka keki, nikakijaribu kwenye maji yanayotokota, kikasoma 96. Mpwa wangu akasema kibovu, nikitupe, maji huchemka kwenye 100. Kwao Leeds, sawa. Kampala tumekaa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji hutokota mapema, kwenye 96. Kipimajoto kizima. Kijana amesahau alikozaliwa.

Halafu nafaka yenyewe. Shayiri ya Kapchorwa huenda viwandani kwa malori, mtu wa kilo mbili na nusu hana pa kusimama. Kimea ninachokipata mimi sokoni ni cha ulezi na cha mtama, kile cha kupikia malwa na bushera. Nikakipeleka kwenye mashine ya posho. Nikamwomba kijana asikisage sana, kipasuke tu, maana kikiwa unga laini kinaziba matundu ya mfuko. Akaniangalia kwa huruma. "Mzee, mashine hii inasaga. Siku ikipasua, ujue imeharibika."

Na hapa ndipo orodha ya Leeds inapokwama, kwa sababu imeandikwa kwa ajili ya shayiri. Wanga wa mtama hautaki kulainika kwenye nyuzi 67. Unataka joto zaidi, na ukilipandisha sana, vimeng'enya vya kimea, ambavyo ndivyo vinavyogeuza wanga kuwa sukari, vinakufa. Ukifuata maelekezo neno kwa neno, saa moja baadaye una mfuko mzuri uliojaa uji. Sharti sehemu ya nafaka uichemshe kwanza pembeni, iive kabisa, ipoe mpaka 67, ndipo utie kimea. Hakuna kifaa cha kununua kwa ajili hiyo. Sufuria ya pili ya mke wangu inatosha, akiwa hayupo.

Jirani yangu wa nyuma, Mteso, ambaye wateja wote humwita Toto kwa heshima ya mama, alipita akanikuta nimeivisha sufuria gauni lake na juu nimeizungushia blanketi ili joto lisishuke. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Yeye unga wa ulezi huukanda, huuacha siku kadhaa uchachuke, kisha huukaanga kwenye bati la pipa lililopasuliwa mpaka mtaa mzima ukohoe. Huuanika juani, halafu ndipo anautia maji na kimea. Kule kukaanga ndiko kunakouivisha wanga; kimea kikiingia kinakuta nusu ya kazi imekwisha, nyuzi 67 hazitafutwi na mtu. Anajuaje kama umeiva? Ananusa.

"Na kuchuja, Toto?"

Akanionyesha mrija. Kwenye ncha yake pana kichujio kidogo kilichosukwa, si kirefu kuliko kidole. Mfuko wangu wa neti, kumbe, yeye anao. Ila ameukata ukawa vipande vidogo, akamkabidhi kila mteja cha kwake, na kazi ya kuchuja wanaifanya wenyewe huku wanalipa. Mimi nimelipa fundi, nimelipa kitambaa, na nitachuja peke yangu. Watu wa West Nile angalau pombe yao ya kwete huikamua kwa kitambaa, kwa hiyo kwao ningepata wa kunielewa.

Haidromita nimeifuta. Hiyo hupima sukari iliyobaki ili usije ukafunga chupa mapema ikalipuka, nami sitii kwenye chupa. Bomba la shaba pia: sufuria ya lita 20 inapoa ndani ya beseni la maji, ukiyabadilisha. Pipa la kuchachushia ni jerikeni mpya ya njano. Nasema mpya; iliyowahi kubeba mafuta ya taa haisahau, hata uioshe kwa sala. Kizibo cha hewa ni mpira mwembamba kutoka kwenye kifuniko hadi kwenye chupa ya maji, hewa inatoka, inzi hawaingii.

Kilichobaki ni kapi, ambalo nililidharau. Mfuko ukishatoka majini lazima uning'inie robo saa uchuruzike, na kilo tano za moto mtu hazishiki robo saa. Nikapigilia kulabu moja darini, juu ya sufuria. Mwenye nyumba akaja kudai kodi, akatazama kulabu, akatazama gauni jeupe linalodondosha maji matamu, akavuta pumzi ya ile harufu. Akasema kodi ya kukaa ni moja na kodi ya biashara ya pombe ni nyingine. Nikamwapia kwamba ni lita kumi tu, za matumizi ya nyumbani. Akasema atarudi Jumamosi kuhakikisha, na nisimwekee glasi ndogo.