Pleti ya Nyuma, Kushoto

Rubani wa Cessna 172 ana raha moja ambayo wenzake wa ndege kubwa hawana: injini yake ni moja. Ikizima imezima, hakuna wa kubishana naye ni ipi. Nimeishi na raha hiyo miaka kadhaa, nikifundisha urubani kwenye kiwanja kidogo cha Gaithersburg, Maryland, nikidunduliza saa 1,500 ambazo sheria ya Marekani, tangu 2013, kwa kawaida humtaka rubani awe nazo kabla ya kukabidhiwa abiria wa shirika la ndege. Saa zikatimia. Shirika moja likaniita kwenye mtihani wa simuleta. Simuleta yenyewe ina injini mbili.

Mtihani huu hauulizi unajua nini. Unatazama utafanya nini ukishtuliwa. Unaketi na rubani mwenzako, mnapaa vizuri, kisha mkaguzi aliye nyuma yenu anabonyeza kitufe chake kimyakimya na injini moja inakufa magurudumu yakiwa ndiyo kwanza yameacha lami. Pua ya ndege inakimbilia upande wa injini iliyokufa, nawe unairudisha kwa kukanyaga pedali ya upande wa pili. Ndiyo maana walimu hutukaririsha: mguu uliolala ndio upande wa injini iliyolala. Ni maneno matamu, na hukaa kichwani vizuri mpaka siku unayoyahitaji.

Kukodi simuleta kwa mazoezi ni ghali, basi nikajiundia yangu sebuleni, ghorofa ya tatu, Silver Spring. Kiti cha mezani kikawa kiti cha rubani. Usukani ulikuwa mfuniko wa sufuria, leva za injini miiko miwili, na pedali maboksi mawili ya viatu. Rubani mwenza nilimpata bila malipo: shangazi yangu, aliyetoka Tanga kuja kunitembelea na kukuta kwamba matembezi yenyewe ni kunitazama nikiongea na mfuniko.

"Na mimi nasema nini?" aliuliza.

"Nikitaja kitu, unakitazama, ukiona kiko sawa unajibu kwamba umekikagua."

"Nikisema hewala haitoshi?"

Nilifikiri kidogo. Inatosha.

Basi tukawa tunaruka kila jioni. Magurudumu? Hewala. Flapu? Hewala. Mafuta? "Ya kupikia yamebaki kidogo, kesho upitie dukani."

Ili aone kazi yenyewe, nilimpeleka Gravelly Point, ile bustani ya kando ya mto Potomac ambako ndege zinazotua kiwanja cha Reagan hupita juu ya vichwa vya watu. Zinapotokea kaskazini haziji moja kwa moja. Ikulu na Bunge ni anga iliyokatazwa, kwa hiyo marubani huufuata mto, kona baada ya kona, na kuinyoosha ndege dakika ya mwisho. Shangazi alitazama tatu zikipita, mkono mmoja ukishika kilemba.

"Mbona zinakata kona kama bodaboda?"

"Zinakwepa nyumba ya rais."

"Na wewe utaweza, mwanangu? Hata gari uliliegesha mara nne."

Jumamosi, siku mbili kabla ya mtihani, shangazi aliingia jikoni. Jiko langu ni la umeme, lenye pleti nne zilizopangwa mraba na swichi nne zilizopangwa mstari. Nani aliona huo ni mpangilio wa busara, sijui. Pleti ya nyuma kushoto ilikuwa na pilau. Ya nyuma kulia ilikuwa na samaki ndani ya mafuta. Mimi nilikuwa sebuleni, macho nimeyafumba, futi 400 juu ya kiwanja, nikingoja mkaguzi wa mawazoni mwangu aniue injini.

Kengele ikalia.

Naapa sikujua kwamba ni kile king'ora cha moshi cha darini. Kengele ya moto ya ndege nimeisikiliza kwenye video mpaka naiota. Niliruka kutoka kitini. "Moto! Injini ya kushoto!" nikapaza sauti, kwa Kiingereza, kama mtihani unavyotaka. Nikaingia jikoni, nikaona moshi, nikakamata swichi na kuizima kwa ustadi ambao ungemliza mwalimu wangu kwa furaha.

Nilizima pilau.

Samaki akaendelea kuwaka. Nikazima swichi ya pili: hiyo ilikuwa ya pleti isiyo na kitu. Shangazi alinisogeza kwa nyonga, akalifunika kaango kwa usukani wangu, akazima swichi iliyotakiwa, akafungua dirisha. Yote hayo bila kusema neno.

Ingeishia hapo, ila jirani yetu wa chini, mama wa Kiethiopia mpole sana, hakuwa na habari kwamba sebule yangu inaruka. Neno "moto" alilisikia vizuri. Akavuta kengele ya jengo zima. Baada ya muda mfupi tulikuwa sote kwenye maegesho: watoto, wazee, paka mmoja, na shangazi akiwa na kanga, kandambili, na sufuria ya pilau aliyokataa kuiacha iungue bila usimamizi. Gari la zimamoto likaingia. Zimamoto mmoja akaniuliza kwa upole kilichowaka ni nini.

"Injini ya kushoto," nikamjibu.

Usiku, jengo limetulia na pilau limeliwa na majirani walioshuka bila chakula, shangazi ndipo alipoongea. "Mwanangu, mbona hukuniuliza? Mimi nilikuwa hapo hapo jikoni. Nilimwona anayeungua."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Januari 1989 Boeing 737 iliyotoka London kwenda Belfast iliharibika injini ya kushoto, moshi ukaingia ndani, na marubani wakazima ya kulia, iliyokuwa nzima. Kapteni aliwatangazia abiria kwamba tatizo lilikuwa la kulia. Nyuma kule walikuwapo watu walioona kwa macho yao cheche upande wa kushoto. Hawakusema, kapteni ndiye ajuaye. Ndege ilianguka karibu na kijiji cha Kegworth, na watu 47 walikufa. Kisa hicho nimekisoma mara nyingi, na wanafunzi nimewafundisha. Halafu nikaingia jikoni kwangu nikampita shahidi.

Jumapili hatukuruka. Tulifanya zoezi moja tu: nataja, nanyoosha mkono, sigusi. Nangoja mpaka anijibu. Mara nyingine shangazi alinichelewesha makusudi, akimenya kitunguu, na mkono wangu ukabaki hewani kama wa mtu anayeomba nauli.

Jumatatu nilivuka mto hadi upande wa Virginia, nikaingia kwenye simuleta, nikapaa. Injini ikafa. Mguu wangu mmoja ukakanyaga, ukatulia. Mkono ukakimbilia leva kama ulivyokimbilia pilau, na hapo hapo nikasikia harufu ya samaki. Nikausimamisha. "Injini ya kushoto," nikasema. "Thibitisha."

Rubani mwenza, kijana niliyekutana naye asubuhi ile, alitazama saa za injini. Akatazama tena.

"Ya kulia," alisema.

Nilitazama miguu yangu. Uliolala ulikuwa wa kulia. Mkaguzi nyuma yetu aliandika kitu kirefu kidogo. Sikugeuka kutazama.

Barua ilipofika, shangazi alikuwa amebakiza siku tano arudi nyumbani. Nilimsomea. Akavaa miwani, akaitazama mwenyewe kuhakikisha, akasema hewala. Kisha akawapigia simu Tanga, spika imewashwa, ukoo mzima umejikusanya upande wa pili.

"Kijana amefaulu," aliwaambia. "Ndiyo. Miaka yote hiyo yuko Marekani, sasa anajua kuzima jiko."