Nafula na Firigisi la Mkwe

Huku kwetu Myanga paka hafugwi kwa mapenzi. Hufugwa kwa ajili ya ghala. Mahindi yakishavunwa na kuanikwa, panya hupata habari kabla ya madalali wa Kitale, na hapo ndipo kila mama mwenye boma hukumbuka kwamba kuna jirani ambaye paka wake amezaa. Mtoto wa paka huletwa ndani ya mfuko, hufunguliwa kando ya magunia, na kazi imeanza. Maoni yake hayaulizwi.

Mimi ndiye niliyemtoa Nafula ghalani nikamwingiza sebuleni. (Aliitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Jirani yetu mwenye jina hilohilo hajapendezwa hadi leo.) Tangu hapo vitambaa vya kochi alivyovifuma mke wangu vimekuwa uwanja wa kunolea kucha. Mke wangu huona hiyo ni dharau tupu. Wanaochunguza paka wanasema ni tangazo: chini ya nyayo zake mna tezi za harufu, na kila akikwaruza mahali anaacha sahihi. Kwa maana hiyo kochi ni lake, na sisi ni wapangaji.

Mwaka 2007 wanasayansi waliochunguza vinasaba walionyesha kwamba paka wa nyumbani duniani kote ni uzao wa paka mwitu wa Mashariki ya Kati, ndugu wa huyu paka mwitu wetu wa Afrika anayesingiziwa kila kifaranga kinapopotea. Watu walipoanza kuweka nafaka akiba, nafaka ikawaita panya, panya wakamwita paka. Hakufungwa kamba na mtu. Kisiwani Cyprus lilifukuliwa kaburi la miaka 9,500 hivi iliyopita, la mtu aliyelazwa na paka kando yake. Basi Nafula akilitazama ghala letu anaona mali ya ukoo, na sisi ni watu wa juzi tu.

Halafu kukawa na siku ya wakwe. Wazee walikuja kuzungumza mahari ya mdogo wangu, wakajaa sebuleni. Vijana waliofuatana nao wakamkodolea Nafula macho, “pusi, pusi,” mikono mbele. Mzee aliyeongoza ujumbe hapendi paka. Alikaa wima kama mlingoti, macho darini. Nafula aliwapita wote akaenda kumrukia mapajani. Kwa paka, kukodolewa macho ni kutishwa, na anayetazama pembeni ndiye mwenye adabu. Siku hiyo sebule nzima ilikuwa na mwenye adabu mmoja.

Kukhu, yaani nyanya yetu, akaingia na bakuli la kuku, firigisi juu kabisa mahali pa heshima. Mgeni wa Kibukusu asiyeliona firigisi hajachinjiwa kuku, amekula supu tu. Mzee akainua mikono yote miwili amsukume paka, bakuli likabaki bila mlinzi, na firigisi likaondoka. Tulilisikia chini ya kabati likitafunwa kwa mngurumo, na hakuna aliyethubutu kuingiza mkono.

“Mkwe wetu, tusamehe,” Kukhu akasema. “Huyu hakulelewa na mimi.”

“Hakuna neno, Kukhu,” mzee akajibu, akijifuta mchuzi gotini. “Ila pale kwenye ng'ombe, tutoe mmoja.”

Wakacheka, lakini katika hesabu ya mwisho ng'ombe huyo hakurudi.

Jioni, tukiwasindikiza, Nafula alitokea upande wa ghala na panya mnono mdomoni. Paka jike huwapelekea mawindo wanawe wasiojua kuwinda, na nadhani alimwona mzee ni mmoja wao, mtu mzima aliyenyang'anywa chakula akabaki anatazama. Akamweka panya juu ya kiatu cha mzee, akaketi kando, akafumba macho taratibu.

Kukhu akaegemea fimbo yake. “Mkwe wetu,” akasema, “nyama yako hiyo imerudishwa. Ng'ombe wetu analetwa lini?”