Bismillahi Elfu Moja na Mia Tano

Afisa wa kizuizi cha mwisho kabla ya Liboi alikuwa na maswali mawili. La kwanza: mwalimu wa hisabati anapeleka wapi sanduku la mbao lenye nyaya, kwenye barabara inayoishia mpakani mwa Somalia? La pili: mbona CD yangu ni kubwa hivi?

La kwanza lilikuwa swali la haki, nikafungua sanduku bila kunung'unika. La pili liliniuma. Nikamweleza kwamba ile ni santuri, na kwamba CD ni mjukuu wake aliyekonda. Akaigeuza, akaigonga kwa ukucha, akachungulia tundu la katikati kama mtu anayetafuta mwezi mwandamo, kisha akanirudishia na kuniambia niikinge na jua. Huo ndio ushauri wa maana kuliko wote niliopata katika safari ile, na sikuufuata. Nilirudi kwenye kiti changu cha dirishani, saa saba mchana, nikaipakata kama mtoto.

Ukweli ni kwamba santuri ni plastiki ya ukoo mmoja na mabomba ya maji, yale ambayo kila aliyeishi Garissa ameyaona yakilala juani yakiwa yamenyooka na kuamka yamejikunja kama nyoka. Nilipofungua mzigo wangu Liboi, ukingo wa santuri ulikuwa umepinda kama sambusa iliyokunjwa na mtu mwenye haraka.

Santuri yenyewe ni *A Night at the Opera* ya bendi ya Queen, iliyotoka Novemba 1975. Niliirithi kwa mjomba wangu, aliyefanya kazi bandarini Mombasa na kustaafu kwetu Taita na vitu vitatu: kikohozi, kinanda cha santuri, na sahani hii moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa isipokuwa yeye. Jalada lake ni jeupe, na katikati kuna nembo ya bendi iliyochorwa na mwimbaji wao mwenyewe, Freddie Mercury, maana kabla ya umaarufu alisomea sanaa ya michoro. Mjomba alilitunza jalada lile zaidi ya miaka 30 likabaki jeupe. Mimi lilinichukua wiki mbili. Leo lina rangi ya chai ya maziwa, na nembo imeanza kufanana na ya serikali ya kaunti.

Wakati watu wazima wamehamishia muziki wao wote kwenye simu, mimi nilikuwa natafuta namna ya kunyoosha sahani. Nikaibana kati ya vioo viwili, nikapakia juu yake madaftari ya kidato cha pili, yote, kwa siku kumi. Niseme tu kwamba hisabati ya kidato cha pili, iliyokuwa imeshindwa kunyoosha mambo mengi muhula ule, ilinyoosha santuri.

Kisha ukanda ukakatika. Ndani ya kinanda kuna ukanda wa mpira unaounganisha mota na sahani, na huo wangu, kwa joto na uzee, ulikuwa umekuwa lami. Fundi wa redio sokoni hakuwa amewahi kuona kinanda cha santuri, jambo ambalo halikumsumbua hata kidogo. Alichukua mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, akakata utepe, akauvuta, akaunusa sijui kwa nini, akaufunga. Nilipotilia shaka, nilijikumbusha kwamba mpiga gitaa wa Queen, Brian May, alitengeneza gitaa lake na baba yake nyumbani, shingo yake ikatoka kwenye mbao za meko ya zamani, na springi zake kwenye vali za pikipiki. Gitaa hilo ndilo linalolia kwenye santuri hii. Kwa hiyo mpira wa baiskeli haukuwa wa kudharauliwa. Ulikuwa umerudi kwa ndugu zake.

Kasoro ilikuwa mwendo. Santuri kubwa inatakiwa izunguke mara 33 na theluthi kwa dakika. Yangu ilijivuta, na Freddie Mercury, mtu aliyesifiwa dunia nzima kwa sauti ya juu, akawa anaimba kama ngamia dume aliyenyimwa maji. Nikabandika karatasi nyekundu ukingoni, nikaazima saa ya kupimia mbio za wanafunzi, nikahesabu. Ukitaka kujua kama mwendo ni sahihi, ni mizunguko 100 kwa dakika tatu kamili. Tulipunguza utepe, tukaufunga upya, tukahesabu tena, fundi akihesabu kwa Kisomali na mimi kwa Kiswahili. Mara ya tano tulikutana kwenye 100. Akakataa malipo ya nyongeza, akasema angependa tu kujua huyu anayelia amefanyiwa nini.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo ni langu peke yangu. Sindano ilivunjika. Nyingine ingetoka Nairobi kwa basi, wiki mbili au Mungu anapopenda, maana huku mtu akienda Nairobi tunasema ameenda Kenya. Nami nilikuwa nimesoma mahali kwamba gramafoni za zamani ziliweza kutumia miiba badala ya sindano za chuma. Hiyo ni kweli kabisa. Nilichosahau ni kwamba gramafoni hizo zilicheza sahani ngumu za kizazi kingine. Lakini Liboi mtu hukosa vitu vyote isipokuwa mwiba. Nikachuma wa mgunga, nikaubandika kwa gundi ya dukani, nikaushusha juu ya upande wa pili, wimbo wa nne, ule mrefu karibu dakika sita ambao bendi iliambiwa kwamba redio hazitaucheza, nao ukakaa namba moja Uingereza wiki tisa.

Mwiba ulicheza! Nakuapia, ulicheza zaidi ya dakika tatu, sauti ikitoka kama kwenye kopo la maziwa. Halafu ukafanya kazi ambayo Mungu aliuumbia. Ukachoma.

Sindano mpya ilipofika, niligundua mahali ulipochoma. Katikati ya wimbo ule kuna sehemu ya kwaya, watu wanabishana kwa sauti kubwa, na miongoni mwa maneno wanayoyatupa, katikati ya Kiingereza na Kiitaliano, ni bismillahi. Sindano ilikuwa ikifika hapo, inatamka neno, inagonga kovu la mwiba, inarudi nyuma mfereji mmoja, inatamka tena.

Siku ya tukio ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimeiwasha kwa betri ya gari na inverta, dirisha wazi, nikitaka kuonja tu kama sindano inashika. Mtoto akaja mbio: waryaa mwalimu, mbuzi wameingia darasani, wanakula chati ya vipeuo. Nikatoka kama nilivyo. Mbuzi walikuwa saba na mlango mmoja, na yeyote aliyewahi kutoa mbuzi darasani anajua kwamba hawatoki kwa njia waliyoingilia. Nilirudi baada ya dakika 45.

Mzunguko mmoja ni sekunde 1.8. Gawanya dakika 45 kwa hiyo. Nyumba yangu ilikuwa imesema bismillahi mara 1,500.

Mlangoni walisimama watu watano. Mbele alikuwa mwenye nyumba wangu, mzee ninayemwita Adeer kama kila mtu mtaani, aliyekuwa dereva wa malori enzi zake na anayeongea Kiswahili cha Mombasa vizuri kuliko mimi. Nyuma yake imamu wa msikiti wa jirani, mkononi tasbihi. Kulikuwa na thamosi ya chai ya maziwa ya ngamia, sahani ya tende, na kikoi kipya ambacho bado kilikuwa ndani ya nailoni.

"Mwalimu," Adeer akasema, macho yamemlowa, "ungetuambia. Mtu hasilimu peke yake chumbani kama anayeficha deni."

Nilijaribu kufungua mdomo.

"Mimi baada ya swala huleta uradi mara 100," imamu akasema kwa unyenyekevu mkubwa. "Wewe nimekuhesabu mpaka tasbihi ikanichosha."

"Tumeshakuchagulia na jina," akasema wa tatu.

Kuna nyakati mtu hutamani ardhi impokee, na ardhi ya Liboi ni ngumu. Ndani, kwa sauti safi isiyo na haya, kwaya iliendelea: bismillahi, bismillahi, bismillahi. Nikawakaribisha ndani waone wenyewe. Walivua viatu, wakaketi mkekani, wakaitazama sahani ikizunguka. Kimya kirefu. Kisha Adeer akaanza kucheka mpaka akashikwa na kikohozi cha mjomba wangu, na imamu akaficha uso kwa ncha ya kilemba, mabega yanatikisika. Kikoi walinipa hivyo hivyo. Ninacho.

"Sasa huyu anayesema bismillahi ni nani?" imamu akauliza.

"Mtu wa Zanzibar," nikajibu, kwa kiburi kidogo, kana kwamba nilimzaa.

"Alhamdulillahi. Mwislamu."

"Hapana, sheikh. Mparsi. Alizaliwa Unguja mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Familia ilihamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964. Wazazi walikuwa wa dini ya Zarathustra."

"Mmajusi!" Neno hilo alilijua, limo katika Qurani. Akaitazama santuri kwa heshima mpya na hofu ya zamani.

"Na huko Ulaya akajiita Freddie Mercury," nikaongeza. "Mercury ni zebaki. Au ile sayari, Utaridi."

"Mtu anayebadilisha jina," Adeer akasema, "anakimbia kitu."

Wakataka kusikia wimbo tangu mwanzo, nami niwatafsirie. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kwa miaka yote nilikuwa nikiusikiliza wimbo ule bila kuuelewa. Wachambuzi wameugombania tangu 1975, na Mercury mwenyewe alikataa kuueleza mpaka alipofariki mwaka 1991. Niliwaambia wazee kwamba kuna kijana, ameua mtu, na wa kwanza kumwambia ni mama yake.

Adeer akaweka kikombe chini. "Amemwambia mama? Kwa nini hakwenda kwa wazee wa ukoo?"

"Wimbo hausemi."

"Na aliyeuawa ni wa nani?"

"Hausemi."

"Basi hiyo ndiyo shida yao yote."

Piano ikaisha, kwaya ikaingia. Nikaeleza: hawa wanataka aachiwe, wale wanakataa. Imamu akainua kidole, maana sasa kila kitu kilikuwa wazi kwake. Hicho ni kikao. Pande mbili zimeketi, na kama kikao chochote cha watu wenye adabu, kinafunguliwa kwa bismillahi. Sindano ikagonga kovu. Bismillahi. Bismillahi.

"Mbona hawaendelei?" wa tatu akauliza.

"Umesahau kikao chetu cha kisima?" Adeer akamjibu. "Kilifunguliwa mara nne."

Basi wakaendelea wao. Diya, yaani fidia ya damu, ya mwanamume kwa desturi ya Wasomali ni ngamia 100, na hilo halikuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa nani alipe. Mmoja akasema Wabulsara wote wachangie. Mwingine akasema Unguja hakuna ngamia, watalipa kwa karafuu. Imamu akahoji kama Mmajusi ana ukoo unaowajibika kisheria. Santuri ilizunguka, kwaya inafungua kikao kila sekunde 1.8, chai ikamiminwa mara ya pili.

Katikati ya hayo Adeer akanyamaza, akawa analiwaza tu lile gitaa lililotangulia kwaya. Akasema Mogadishu nao walikuwa na vijana wa magitaa, Iftin na Dur-Dur, na yeye alikuwa na kaseti zao kwenye lori, zikayeyuka kwenye dashibodi. Nikamwambia kwamba kaseti ya Dur-Dur ya mwaka 1987 ilitolewa tena kule Marekani mwaka 2013, safari hii kwenye santuri kama hii. Na kwamba Hargeisa, mabomu yalipoanza kudondoka mwaka 1988, kuna watu walizika tepu za redio ardhini ili zisiangamie, na baadhi ya nyimbo za hifadhi hiyo zikatoka kwenye mkusanyiko wa mwaka 2017 uliopendekezwa kwa tuzo ya Grammy. Alinitazama muda mrefu.

"Walizika," akasema. "Mimi niliacha juani." Nami nikageuza uso, maana ukingo wa santuri yangu bado una wimbi.

Magharibi ilikuwa inakaribia na kesi haijaisha. Nikawaambia kuna ujanja. Ukiweka sarafu juu ya kichwa cha sindano, uzito unaivusha kovu. Adeer akapapasa mfukoni akatoa shilingi 20. Nikaiweka. Sindano ikasita, ikakwaruza, ikavuka, na magitaa yakaingia kwa kishindo ambacho hakuna aliyekitarajia. Mguu wa Adeer ukaanza kutikisika wenyewe. Imamu akauona, akatazama dari.

Kisha wimbo ukashuka, taratibu, piano peke yake, na gongo moja la mwisho. Nikainua sindano haraka. Wimbo unaofuata, unaofunga santuri, ni wimbo wa taifa wa Uingereza kwa magitaa, na kwa wazee waliozaliwa wakati Waingereza wakiliita eneo hili Northern Frontier District, sikutaka kufungua kesi ya pili.

"Kijana amesemaje mwishoni?" Adeer akauliza.

"Amesema hakuna jambo lenye uzito tena kwake."

Wakatazamana.

"Ngamia 100 hawajafika hata mmoja," imamu akasema polepole, "naye anasema hakuna jambo?"

Adeer akatikisa kichwa, akajimiminia chai iliyobaki. "Rudisha nyuma, mwalimu. Kikao hakijafungwa."

Nikairudisha sindano, na nikaiondoa ile shilingi 20.