Kagua Oysterbay Kama Unapanga Manzese

Mtu anayetafuta chumba cha kupanga Manzese huhoji kuliko wakili. Kabla hajavua viatu ameshauliza maji yanatoka siku gani, LUKU ni ya kila mtu au ya kuchangia, choo kinatumiwa na familia ngapi, mwenye nyumba anaishi hapohapo au huonekana siku ya kodi tu. Akiingia ndani hana habari na rangi. Anainama kutazama ukuta chini ya dirisha, pale mafuriko yanapoacha mstari wa kahawia, na akiuona anaaga kwa adabu, anakwenda zake. Yote hayo kwa kodi ya miezi sita, na chumba kinachojaa kitanda na kabati. Sasa mchukue mtu huyohuyo, mpe miaka 20 ya kazi nzuri na mkopo wa benki, kisha mpeleke Oysterbay akaone nyumba ya zamani yenye bustani yake, miti yake na ukuta wake. Atapita vyumba vyote mikono ikiwa nyuma kama mgeni rasmi kwenye maonesho ya Sabasaba. Atasifu upepo. Atauliza jirani ni nani, atajibiwa kwamba ni balozi, na ukaguzi utakuwa umeishia hapo. Ninavyoona mimi, fedha zilipoongezeka akili haikupungua. Iliyoongezeka ni aibu, na katika mauzo ya nyumba hizi aibu ya mnunuzi humgharimu kuliko milango ya mninga.

Aibu hiyo ina asili yake. Oysterbay ilipangwa wakati wa Waingereza iwe Uzunguni: viwanja vipana, nyumba mojamoja zilizoachana, bahari karibu, na Mwafrika akiingia kwa kazi ya jikoni, ya udobi au ya bustani. Baada ya Uhuru wakahamia wakubwa wa serikali na mabalozi, baadaye wafanyabiashara, lakini ule ugeni haukuhama. Mpaka leo mtu mwenye fedha zake halali akipita chini ya miti ile hushusha sauti, na kuulizia karo akaona ni ushamba. Dalali anaijua hali hii vizuri kuliko anavyoijua nyumba, ndiyo maana haoneshi nyumba bali anaonesha mtaa. "Bosi, Coco Beach hapo unakwenda kwa miguu," anasema, na ni kweli tupu. Asichokisema ni kwamba Jumapili jioni nusu ya jiji nayo inakuja hapohapo, na mihogo ya kukaanga, na muziki, na magari yanayotafuta pa kuegeshwa mpaka mbele ya geti la mtu. Ukaguzi hupangwa Jumanne saa nne asubuhi, mtaa ukiwa kimya isipokuwa kunguru, ambao asili yao ni India na tangu waletwe Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 hawajawahi kuheshimu mtaa wa mtu. Mpangaji wa Manzese angerudi Jumapili saa mbili usiku, tena bila kumuaga dalali.

Nyumba yenyewe haijui kusema uongo. Waongo ni rangi na msimu. Watu hupenda kuonesha nyumba Januari au Agosti, miezi ambayo hata chandarua kingetosha kuwa paa, na mnunuzi anaondoka akiamini vigae vile vya udongo ni vizima kwa kuwa hakulowa. Angekuja Aprili, masika ikiwa imekolea, angekuta ndoo katikati ya sebule. Kwa kuwa hawezi kuihamisha masika, basi atazame dari. Dari lililopakwa rangi lote limepakwa rangi. Dari lililopakwa kona moja tu, duara jeupe la ukubwa wa sinia, limeficha kitu. Vivyo hivyo baka la rangi kwenye nguzo za veranda. Hewa ya bahari ina chumvi, chumvi hufika kwenye nondo, nondo ikishika kutu huvimba, na ikivimba hupasua zege kutoka ndani. Fundi hujaza ufa kwa saruji, anapaka, na nguzo inapendeza miezi kadhaa, muda ambao kwa kawaida unatosha kabisa kuuza nyumba. Kubisha nguzo kwa kifundo cha kidole ni bure, na ikijibu kwa sauti ya debe tupu, hata ambaye si mhandisi anaelewa.

Kwenye maji ndiko aibu inakojionesha waziwazi. Mabomba mengi ya chuma ya nyumba hizi yameoza kwa ndani hadi tundu lililobaki halizidi unene wa kalamu, lakini bomba moja likifunguliwa peke yake hutoa maji ya kuridhisha. Dawa ni kufungua yote kwa pamoja, jikoni, bafu la wageni, bafu kubwa na lile la bustanini, kisha kuflashi choo. Hapo dalali, ambaye kutwa nzima alikuwa akitangulia mbele, utamkuta amesimama mlangoni mwa bafu akipokea simu ambayo haikuita. Ukitaka kujua kama maji ni ya DAWASA au ya kisima, usimwulize, yaonje. Visima vya karibu na bahari mara nyingi hutoa maji ya chumvi, na sabuni ikikataa kutoa povu imeshakujibu. Kuhusu karo, nyumba nyingi za namna hii hutegemea shimo lililochimbwa kabla mwenye nyumba wa sasa hajazaliwa, na anayejua lilipo ni mzee wa bustani peke yake. Huyo asalimiwe vizuri. Atakuambia gari la kunyonya majitaka huja mara ngapi, na kwa nini majani ya ile sehemu karibu na mwembe ni ya kijani kuliko mengine wakati yeye hayamwagilii.

Najua lipo jibu la haraka: nyumba za mkoloni ni imara, si kama hizi za siku hizi. Kuna ukweli ndani yake. Kuta ni nene, mbao ni nzito, na zilizojengwa kwa ustadi zilipangwa kufuata upepo, vyumba mstari mmoja, madirisha pande mbili, ili kaskazi ikiingia huku itokee kule, na kusi nayo ikija ipate njia yake. Ila tunaziona zile zilizobaki zimesimama. Zile mbovu zilikwisha kuanguka, na hakuna anayempeleka mteja kuona kiwanja zilipoangukia. Halafu uimara wa ukuta si uimara wa waya. Nyumba iliyotandazwa nyaya za taa chache, redio na jokofu leo inaombwa kuendesha viyoyozi vitano, pampu ya kisima na jiko la umeme, na fyuzi zikikatika usiku lawama inapelekwa TANESCO. Upepo nao hauna hati miliki. Jirani akibomoa bangaloo yake na kuinua ghorofa 12, kama inavyotokea sana Oysterbay na Masaki, kaskazi inaishia kwenye ukuta wake, na juu ya bustani yako inabaki roshani iliyojaa watu wanaojua umekula nini. Tena hicho kinachoitwa nyumba ya mkoloni mara nyingi ni nyumba nne: ya kwanza ya mkoloni mwenyewe, chumba kilichoongezwa na mmiliki wa pili, jiko la mmiliki wa tatu, na banda la nyuma lililojengwa na fundi maiko ambaye hakuwahi kuazima futi kamba. Penye maungio ya nyumba hizo nne ndipo maji na mchwa hukutana.

Wengine watasema kazi hiyo ina wenyewe, aletwe mtaalamu. Aletwe, lakini tujue anakuja kufanya nini. Mthamini aliyesajiliwa, ambaye kazi yake tangu 2016 ina sheria yake, huiambia benki mali ina thamani gani, na katika mtaa huu sehemu kubwa ya thamani hiyo ni kiwanja. Hapandi darini kuhesabu popo. Ripoti yake ina muhuri, mnunuzi anaipokea kwa mikono miwili, anaamini nyumba imepita mtihani ambao haikufanyishwa. Fundi bomba na fundi umeme wa kulipwa asubuhi moja wangemwambia zaidi, ilimradi asiwe fundi aliyependekezwa na dalali, maana huyo ameshakula huko. Na makaratasi nayo yanataka macho ya mpangaji. Mwaka 1963 umiliki wa kudumu uligeuzwa kuwa wa miaka 99 chini ya serikali, kwa hiyo hati yenye chimbuko hilo inakomea 2062. Mnunuzi mwenye mtoto wa darasa la kwanza anamwachia mali itakayoisha muda mtoto hajastaafu. Ndiyo, muda huweza kuombwa upya, lakini historia ya umiliki haiombwi upya. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo mengi ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na huyo Msajili baadaye akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo swali la nani alikuwa mmiliki kabla ya huyu, na kabla yake, si umbeya, ndilo linalojibiwa na upekuzi kwenye daftari la Msajili wa Hati. Mwaka huohuo wa 1971 ilitungwa Sheria ya Ndoa, isiyomruhusu mume wala mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Lakini mwenye kanzu nyeupe anayepokea malipo ya awali barazani huwa na heshima kiasi kwamba hakuna anayethubutu kuuliza, "Baba, na mama yeye anasemaje?" Mama yuko jikoni, anadhani wageni wamekuja kutoa pole.

Kinabaki kipingamizi kinachosemwa kwa kujiamini kuliko vyote, kwamba haya yote ni kujichosha, kwa kuwa nyumba yenyewe itabomolewa na kinachonunuliwa ni ardhi. Kama ni kweli, basi mnunuzi ana sababu zaidi ya kukagua. Paa la asbesto halivunjwi kwa nyundo na vijana wa mtaani, maana vumbi lake likivutwa huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye, na kuliondoa kwa njia salama ni gharama ambayo ingekatwa kwenye bei kama mtu angeinua kichwa siku ya kwanza. Kibali cha manispaa nacho kina mwendo wake, mchoro unarudishwa, mchoraji amesafiri, shilingi imeshuka, nondo zimepanda. Wakati huo wote kiwanja hakikai peke yake, kina nyumba juu yake, na ndani ya nyumba yupo mtu, kwanza mlinzi, kisha shemeji anayesubiri kazi, mwishowe mwenyewe, kwa kuwa kulipa pango Mikocheni huku unalipa mkopo wa Oysterbay hakuingii akilini. Wako wengi waliosema wanabomoa mwakani, na leo wanaogea ndoo ndani ya nyumba hiyohiyo, wakimwuliza mzee wa bustani kwa unyenyekevu lile karo liko upande gani.